Bango linalogeuza mawimbi: je, litafika chumba cha nne?

Swali: "Assalaam alaykum mhandisi. Nina nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Unguja, kuta za mawe na chokaa kama zilivyojengwa zamani. Rauta iko mapokezi. Vyumba vya mbele havina neno, lakini cha tatu na cha nne, vilivyo ng'ambo ya ua wa ndani, wageni hunung'unika kila siku. Mwanangu anayesomea ufundi ameniletea habari kwamba siku hizi kuna bango la kubandika ukutani, halitumii umeme, na linageuza mawimbi yaende unakotaka wewe. Je, nikiagiza litaniondolea tabu hii? Na kama kazi yake ni kuakisi tu, si afadhali nibandike foili ya jikoni?"

Waalaykum salaam ndugu yangu. Mwanao hakudanganywa, ila habari imemfikia imeshatiwa chumvi. Kitu hicho kipo, kimepimwa maabara na nje ya maabara, na wahandisi hukiita RIS. Mimi hapa nitakiita paneli akisi, maana ndivyo kilivyo: paneli inayoakisi mawimbi ya redio, na namna inavyoakisi unaweza kuipanga upya wakati wowote. Kwa vyumba vyako viwili, usiagize. Na hilo la foili, ambalo naona umeliuliza kama utani, ndilo swali zito kuliko yote uliyouliza. Nitalirudia.

Nadhani nyumba yako iko hivi, nawe utanirekebisha nikikosea. Mlango wa mapokezi unatazama uani. Madirisha ya vyumba vile viwili nayo yanatazama uani, lakini yamekaa pembeni, hayauoni mlango huo. Kwa hiyo wimbi likitaka kwenda kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye rauta hadi kitandani kwa mgeni, halina budi kupasua ukuta wa mawe, pengine miwili. Ukuta ule unalimeza, na masika, ukiwa umenyonya maji, unalimeza zaidi. Lakini ua uko wazi. Ukisimama kwenye ukuta wa upande wa tatu wa ua unaiona rauta mlangoni, na ukigeuza shingo unayaona madirisha. Pale pale uliposimama ndipo mwanao angelitundika bango lake, na mahali amepaona sawasawa.

Sote tumecheza mchezo huu utotoni. Unashika kipande cha kioo uani, unalipeleka jua ndani ya chumba chenye giza, unamwunguza macho aliyelala. Kioo hakizai mwanga, kinaupeleka tu ule uliokiangukia. Mawimbi ya redio ni mwanga wa aina yake usioonekana, na mchezo huo ni wa kale kwao pia: Heinrich Hertz, aliyethibitisha kwamba mawimbi haya yapo, mwaka 1888 huko Karlsruhe, Ujerumani, alikuwa akiyagongesha kwenye bati la zinki na kuyapima yanavyorudi. Baadaye watu wa simu wa Marekani walisimamisha mabango makubwa ya aluminiamu juu ya milima, bila umeme wala mlinzi, ili mawimbi ya simu yanayotoka bonde hili yagonge pale juu na kushukia bonde la pili.

Ila kioo kina ukaidi wake. Mwanga ukiingia kwa pembe fulani, unatoka upande wa pili kwa pembe ileile. Ukitaka uende kwingine, geuza kioo. Mwaka 2011 kundi la Chuo Kikuu cha Harvard, akiwamo Nanfang Yu na Federico Capasso, lilionyesha kwamba ukaidi huo una dawa. Walipanga vijiti vidogo mno vya dhahabu, vya umbo la herufi V, juu ya silikoni. Kila kijiti kililichelewesha wimbi kidogo tofauti na jirani yake, na kwa kuchelewesha huko tu mwanga ukatoka kwa pembe ambayo kioo cha kawaida kisingeutoa. Uso ulikuwa bapa, haukugeuzwa, na mwanga ukapinda. Miaka mitatu baadaye, Tie Jun Cui na wenzake huko Nanjing, China, wakaongeza jambo lililoifanya habari hii ihamie kwenye simu na Wi-Fi: kila kipande cha uso wakakipa swichi yake ya umeme, ya sifuri na moja, ili mpangilio ubadilishwe kwa kompyuta.

Ngoja nikishike kipande kimoja tukitazame. Ni kijiraba cha shaba kwenye ubao wa saketi, ubao uleule wa kijani unaouona ukifungua redio, na mgongoni kuna tandiko zima la shaba. Katikati au ukingoni mwa kijiraba imechomelewa diodi, yaani ile swichi ya umeme, ndogo kama punje ya ufuta. Diodi ikizimwa, wimbi linakiona kijiraba kuwa kifupi. Ikiwashwa, shaba mbili zinaungana na wimbi linaona kitu kirefu zaidi. Tofauti hiyo inatosha kulifanya wimbi linalorudi lichelewe kwa nusu ya urefu wake. Basi. Hakuna kingine kinachofanywa na kipande kimoja: rudisha sasa, au rudisha ukiwa umechelewa nusu wimbi.

Nusu wimbi inasaidia nini? Nenda ufukweni wakati wa kuvuta ngalawa ipande mchangani. Watu ishirini wakivuta kila mtu kwa wakati wake, chombo kinatikisika tu. Mmoja akitoa sauti na wote wakaitikia kwa pamoja, chombo kinapanda. Mawimbi yanayofika kwenye simu ya mgeni wako kutoka kwenye vipande mia mbili vya paneli ni wavutaji mia mbili. Wengine wanafika wakati wimbi liko juu, wengine liko chini, wanauana wenyewe kwa wenyewe. Paneli inawatazama wale wanaovuta kinyume na kuwachelewesha nusu wimbi, nao wanaanza kuvuta pamoja na wenzao. Kwa hali mbili tu, washa na zima, mapatano hayawi kamili. Unaambulia kama asilimia 40 ya nguvu ambayo ungeipata kila kipande kingechelewesha kwa kiasi chake hasa. Ukimpa kila mmoja hali nne badala ya mbili, unafika asilimia 81. Ndiyo maana paneli nyingi za majaribio huishia kwenye hali mbili au nne. Zaidi ya hapo unalipia diodi na nyaya nyingi ili kupata kidogo.

Hapa kuna hesabu iliyowapa watu wazimu. Ukizidisha vipande mara mbili, nguvu inayofika kwa mgeni inazidi mara nne. Sababu ni kwamba unafaidi mara mbili: paneli kubwa inadaka zaidi, na pia inaelekeza kwa ukali zaidi, kama tochi yenye kioo kipana. Watafiti waliisambaza kanuni hii kuanzia mwaka 2018 hivi na makala zikamiminika. Mtu akiisoma juu juu anaona vipande mia vimezaa nguvu mara elfu kumi na anadhani umepatikana umeme wa bure.

Haukupatikana. Twende uani kwako na futi ya kupimia.

Rauta inatoa mawimbi pande zote, tuseme sawasawa. Umeitundika paneli mita 6 kutoka kwenye rauta. Kufikia hapo mawimbi yameshatawanyika juu ya tufe ambalo eneo lake ni kama mita za mraba 450. Paneli yako ina mita moja ya mraba. Kwa hiyo imedaka sehemu moja kati ya 450 ya kilichotoka, na hicho ndicho kitu pekee ilichonacho cha kumpelekea mgeni. Kisha kutoka pale hadi dirishani kinatawanyika tena. Paneli haina kipaza nguvu. Hasara ya safari ya kwanza inazidishwa kwa hasara ya safari ya pili, na kuzidisha huku ndiko kunakowashinda wengi wanaoleta mabango haya kwa mbwembwe.

Kinatokea kitu ambacho hata mafundi wazoefu hukikosea. Mtu amezoea ripita, ile ya kuchomeka ukutani, ambayo anaiweka katikati ya njia. Kwa paneli akisi, katikati ndipo mahali pabaya kuliko pote. Chukua njia ya mita 12 kwa jumla. Ukiiweka paneli katikati, ni 6 mara 6, sawa na 36. Ukiiweka mita moja kutoka kwenye rauta, ni 1 mara 11, sawa na 11. Nguvu inafuata mraba wa namba hizo, kinyume chake, kwa hiyo paneli ileile iliyo karibu na rauta inampelekea mgeni nguvu mara kumi na zaidi kuliko ya katikati. Ukiiweka mita moja kutoka kwa mgeni ni hivyohivyo. Paneli hupenda kukaa mlangoni pa mmoja wao. Kwako tatizo ni kwamba karibu na rauta paneli haiyaoni madirisha, na karibu na madirisha haiioni rauta. Ukuta wa tatu wa ua, ulio sawa kwa kuona pande zote mbili, uko karibu na katikati.

Na ukubwa? Vipande hupangwa kwa nafasi ya nusu ya urefu wa wimbi. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ina wimbi la sentimita 12.5, hivyo paneli ya vipande 256, yaani 16 kwa 16, inatoka mita moja kwa mita moja. Kwenye gigahezi 5 inashuka hadi kama nusu mita kwa nusu mita. Lakini kwenye gigahezi 28, masafa ya juu ya 5G ambayo nchi chache zinayatumia, vipande 256 vinaingia kwenye kiganja: sentimita 8.6 kila upande. Paneli ya nusu mita na ushei ina nafasi ya vipande elfu kumi. Ndiyo maana wenye teknolojia hii macho yao yako kule juu. Huku chini paneli inakuwa jamvi, na jamvi lenye diodi mamia uani, penye upepo wa bahari, nakuhakikishia kutu itaanza kazi kabla ya wewe kumaliza kulipa.

Sasa umeme. Diodi moja ikiwashwa hula miliwati chache. Mia mbili na zaidi zikiwashwa pamoja unafika wati moja, mbili, tatu, na bado hujalihesabu dude la kuziamrisha. Zipo paneli za aina nyingine, zinazotumia diodi za kugeuza uwezo kwa voltu, ambazo zenyewe hazili takriban chochote. Hata hivyo kidude cha kuamrisha kipo. Kusema "halitumii umeme" maana yake ni kwamba haliongezi nguvu kwenye wimbi. Waya wa umeme lazima ulifikie, au betri.

Na huyo anayeamrisha anajuaje mgeni yuko wapi? Hili mwanao hakuliuliza, na kwangu ndilo lenye utamu kuliko yote. Paneli ni kiziwi. Haipokei ujumbe, haipimi, haijui simu iko kitandani au barazani. Vipande 256 vyenye hali mbili kila kimoja vina mipangilio ambayo namba yake ina tarakimu 78. Huwezi kujaribu yote hata ungeanza enzi za Sayyid Said.

Lakini kuna fundi wa dishi. Unamkumbuka: yeye juu ya paa anazungusha, mtoto sebuleni mbele ya televisheni anapiga kelele, "Hapo! Hapana, imepotea! Rudi kidogo! Hapo hapo!" Mwaka 2014 watafiti wa Institut Langevin, Paris, walifanya karibu vilevile ofisini kwa paneli ya vipande 102 kwenye masafa ya Wi-Fi. Geuza kipande kimoja, mpokeaji akisema nguvu imepanda, kiache hivyo, ikishuka, kirudishe, nenda kinachofuata. Ukivimaliza vyote mawimbi yameshakusanyika pale mpokeaji alipo, wala hukuhitaji kujua kuta ziko wapi wala samani zimepangwaje.

Kasoro ya fundi wa dishi ni kwamba kipande kimoja kati ya maelfu kinabadilisha nguvu kwa kiasi kidogo sana hata mtoto wa sebuleni hakioni. Venkat Arun na Hari Balakrishnan wa MIT walikuja na ujanja mwingine katika kazi yao ya mwaka 2020 waliyoiita RFocus. Ukuta wao ulikuwa na antena 3,720 za bei ya senti chache kila moja, zimetandazwa kwenye mita za mraba 6, kila moja ikiwa na swichi: akisi, au acha wimbi lipite. Wanazipanga ovyo kama kurusha sarafu, simu inapima nguvu iliyopata, wanazipanga ovyo tena, simu inapima tena, hivyo mara nyingi. Mwisho kila antena inapigiwa kura: mara ulizokuwa umewashwa, simu ilipata zaidi au pungufu? Waliotoka na kura nyingi za "zaidi" wanawashwa, wengine wanazimwa. Hakuna aliyepima kitu kingine isipokuwa nguvu ya mawimbi, ambayo simu yoyote inaijua. Naupenda ujanja huu kwa sababu unakubali kwamba paneli ni kiziwi na haujaribu kuitibu.

Matokeo yao ndani ya jengo la ofisi: nguvu ya mawimbi, kwa kipimo cha kati, ilipanda mara 9.5, na uwezo wa kupitisha data ukapanda mara 2. Watu husoma sentensi hiyo wakashangaa mara tisa na nusu imepotelea wapi. Haikupotea. Kasi ya data haifuati nguvu moja kwa moja. Kila unapozidisha nguvu mara mbili unaongezewa kiasi kilekile kimoja tu, kama ngazi. Mgeni ambaye mawimbi yake yana nguvu mara 10 ya kelele ya hewani, yaani mawimbi ya ovyo yanayouvuruga ujumbe, ana nafasi ya biti 3.5 kwa kila hezi. Mwongezee mara 9.5, anafika 6.6, karibu mara mbili. Mwingine aliye karibu na rauta, nguvu yake mara 1,000 ya kelele, ana biti 10 tayari. Mwongezee mara 9.5 uleule, anafika 13.2, theluthi moja tu zaidi. Paneli humfaa aliye kivulini. Aliye juani haimwongezei la maana. Kwa hiyo mtu akikutajia kasi iliyopatikana kwa paneli, mwulize kwanza: bila paneli ilikuwa ngapi, na huyo mpokeaji alikuwa amesimama wapi?

Ndivyo ninavyolisoma jaribio la Tokyo la mwishoni mwa 2018. Kampuni ya simu ya NTT DOCOMO na Metawave ya Marekani waliweka ubao akisi kwenye mtandao wa 5G wa gigahezi 28, na mahali ambapo bila ubao walipata megabiti 60 kwa sekunde, wakapata 560. Si muujiza. Wimbi la gigahezi 28 lina urefu wa sentimita moja na kitu. Kuta zinalizuia, mti unalisumbua, hata mwili wa mtu unalitia kivuli, na kivuli chake ni cheusi tititi. Ukimulika kioo kwenye giza namna hiyo, tofauti lazima ionekane. Januari 2020 DOCOMO hao hao pamoja na watengeneza vioo AGC walionyesha kioo kinachopitisha mwanga wa kawaida kama dirisha lolote, lakini ukiisogeza bamba yake kidogo tu kinageuka kati ya kupitisha mawimbi ya gigahezi 28 na kuyaakisi. Hapo nakiri nilivutiwa. Jengo lina madirisha hata hivyo. Kuyapa kazi ya pili kuna maana kuliko kutundika jamvi.

Nirudi kwenye foili yako. Angalia ile sehemu moja kati ya 450. Paneli ya mita moja ikiwa mita 6 mbali inadaka hicho tu. Chukua sasa karatasi ya foili yenye ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, ikunje kama nusu mtungi na kuisimamisha nyuma ya rauta, kiasi cha sentimita chache. Imezunguka karibu nusu ya pande zote mawimbi yanakotokea. Imedaka karibu nusu. Haina diodi, haina akili, haiwezi kubadilika kesho, lakini iko mahali pazuri kuliko popote ambapo lile bango la kuagiza lingekaa, na wageni wako hawahitaji igeuke kila sekunde: vitanda vimesimama palepale. Mwaka 2017 watafiti wa Dartmouth College, Marekani, walilifanya jambo hili kwa umakini. Kompyuta ilipewa ramani ya nyumba, mahali rauta ilipo na vyumba vinavyotakiwa kupata au kunyimwa mawimbi. Ikachora umbo la kigae chenye mawimbimawimbi, likachapishwa kwa plastiki, likavishwa karatasi ya chuma nyembamba. Gharama yake ilikuwa kama dola 35. Kuwanyima wengine lilikuwa kusudio pia, maana mawimbi yasiyotoka nje ya nyumba hayadukuliwi na mpita njia.

Foili ina mipaka yake, usije ukanilaumu. Kilichodakwa upande mmoja kinaondolewa upande mwingine. Ukiyageuzia uani mawimbi yaliyokuwa yakienda vyumba vya mbele, kesho watakaonung'unika ni wageni wa mbele. Na faida ya bati bapa, hata likikaa umbali unaotakiwa hasa, haizidi mara nne ya nguvu kwa upande ulioelekezewa. Kwenye programu ya kupimia Wi-Fi utaona namba kama −76 inakuwa −70 (ikikaribia sifuri ndiyo nguvu zaidi). Kwa ukuta wa mawe uliopunguza nguvu ya mawimbi mara elfu, mara nne ni kuongeza kikombe kwenye kisima kilichokauka. Faida hiyo utaiona uani na barazani. Chumbani ni pale tu dirisha linapouona ua vizuri.

Utaniuliza basi ripita ina ubaya gani. Haina ubaya, ina gharama yake. Ripita ya kawaida ya redio moja husikia kwanza, ndipo ikasema. Muda umegawanyika mara mbili na kasi inapungua kama nusu. Na ile ya aina ya kukuza tu husikia na kelele, ikaikuza pamoja na ujumbe. Paneli akisi haina kasoro hizo mbili: wimbi linagonga na kuondoka papo hapo, kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, bila kelele mpya. Hiyo ndiyo faida yake ya kweli, nami siipuuzi. Ila watu wa viwango vya simu duniani, wanaoitwa 3GPP, walipofika kwenye Toleo la 18 la kanuni zao, walichokiandikia kanuni ni ripita inayoamrishwa na mnara, inayojua ielekeze wapi na izime lini. Paneli akisi haikuingia. Inazungumzwa kwenye kundi maalumu lililoundwa ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, mwaka 2021, ambalo limetoa ripoti. Ripoti na bidhaa iliyopo dukani ni vitu viwili. Emil Björnson na wenzake wa Uswidi waliwahi kukaa na kalamu wakilinganisha paneli na ripita inayopokea ujumbe na kuutuma upya, na hesabu ikawaambia paneli inahitaji mamia ya vipande ndipo ianze kushindana.

Kuna na jirani. Paneli iliyopangwa kwa ajili ya rauta yako haijui kubagua; mawimbi ya nyumba ya pili yakiigonga nayo inayarusha kokote mpangilio wa wakati huo unakoyatupa. Mji Mkongwe, ambako vichochoro ni vya upana wa mikono miwili na kila nyumba ina rauta yake, unaweza kumharibia mtu mtandao bila wewe wala yeye kujua.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza iondoe rauta mezani mapokezi, hasa kama iko nyuma ya friji au chini ya kaunta, uitundike juu ya kizingiti cha mlango unaotazama uani. Pima kwa simu ukiwa kitandani chumba cha tatu, na cha nne, mlango umefungwa kama mgeni anavyolala, uandike namba. Pengine itatosha. Isipotosha, vuta kebo moja ya mtandao. Nyumba za zamani zina boriti za dari ambazo juu yake kebo inapita bila kutoboa ukuta, fundi mwenye heshima na nyumba atakuonyesha. Mwisho wa kebo, ukutani kati ya chumba cha tatu na cha nne, weka rauta ya pili ya bei ndogo, iwe na jina lilelile na neno la siri lilelile, ila chaneli tofauti na ya kwanza: kwa gigahezi 2.4, moja iwe 1 na nyingine 6 au 11. Kebo haimezwi na mawe. Kama kuna mtu atakuuzia busta ya simu ya mtandao wa mnara, mwulize kwanza kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Isiyo na kibali inaweza kuuvuruga mnara mzima wa mtaa.

Na mwanao usimvunje moyo. Mpe sinia la aluminiamu na mchana mmoja. Asimame nalo kwenye ule ukuta wa tatu wa ua, wewe kaa chumba cha nne na simu mkononi, madirisha wazi, rauta mlangoni. Aligeuze polepole, digrii kidogo kidogo, nawe umpigie kelele namba inapopanda. Mahali fulani itaruka, na akisogeza sinia upana wa vidole viwili itapotea. Akishakipata hicho kiruko, amwombe mdogo wake apite kati ya sinia na dirisha.